Takwimu zinasema pengo la mapato Kenya limepungua. Kaya za kati hapa Nairobi zimekwenda wapi?

Mkaazi wa Umoja (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari zenu. Nimeleta hoja ya mapato ya kaya na naomba tuijadili kwa takwimu na kwa maisha tunayoyaishi, vyote viwili.

Kwanza takwimu. Kipimo cha Gini huonyesha jinsi mapato au matumizi yalivyogawanyika. Sifuri maana yake kila mtu yuko sawa na mwenzake, mia maana yake mmoja amechukua vyote. Hesabu za Benki ya Dunia, zinazotokana na tafiti za KNBS, shirika la takwimu la taifa, zinaiweka Kenya kwenye 46.5 mwaka 2005, 40.8 mwaka 2015, kisha 38.7 mwaka 2021. Kuna wanaopenda kuanzia 57.5 ya mwaka 1992. Mimi siianzi hapo, kwa sababu hesabu ya 1994 ni kama 43, na nchi haigeuki kiasi hicho kwa miaka miwili. Kilichogeuka ni namna ya kupima.

Kwa hiyo tangu 2005 pengo limekuwa likipungua. Silipingi hilo. Lakini ziweke nambari hizo kando ya za umaskini. Mwaka 2005/06 karibu asilimia 47 ya Wakenya walikuwa chini ya mstari wa umaskini. 2015/16 wakawa asilimia 36.1. 2019 wakafika 33.6. Korona ikaja, 2020 wakaruka hadi 42.9, 2021 wakawa 38.6, na 2022 wakapanda tena hadi 39.8. Sasa linganisha 2015 na 2021. Gini imeshuka, maskini wameongezeka. Tumekaribiana zaidi na tumekuwa maskini zaidi kwa pamoja.

Pengo hupungua kwa njia mbili: wa chini wapande, au wa kati na wa juu kidogo washuke. Naamini 2005 hadi 2015 njia ya kwanza ilifanya kazi kubwa. Elimu ya msingi bila karo ilianza Januari 2003, M-Pesa ilianza Machi 2007, ugatuzi ulipeleka pesa kaunti kuanzia 2013. Baada ya hapo, na hasa tangu Korona, naona njia ya pili, na mahali pa kuiona ni hapa Nairobi.

Nitazame ploti ninayoishi. Hakuna nyumba hata moja inayokula kwa mshahara wa mtu mmoja. Baba anafanya mjengo siku kukiwa na kazi, mama anauza mboga jioni kando ya steji, kijana mkubwa ana boda ya kulipia kidogo kidogo, binti anasuka nywele wikendi. Ukijumlisha pesa zao huenda kaya hiyo ikaonekana imesimama palepale waliposimama wazazi wao. Ila wazazi wao walifika hapo kwa mshahara mmoja na wao wamefika kwa watu wanne. Gini haioni tofauti hiyo. Inaona kaya, matumizi yake, basi.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nataka tulijadili: tunaambiwa kaya zinakaribiana, wala hatuambiwi ni mikono mingapi imeongezwa kwenye chungu kilekile.

Kijana wa Pipeline

Mkubwa, mimi swali langu ni moja. Hao watafiti wa KNBS huingia Muthaiga? Huingia Runda? Kwetu Pipeline ni rahisi, unapanda ngazi, unabisha mlango, mtu anakujibu akiwa anapika. Kule geti lina askari na mbwa. Sasa kama tajiri hajahesabiwa, hiyo 38.7 ni pengo kati ya nani na nani?

Mkaazi wa Umoja

Swali zuri sana, na lina majibu mawili.

La kwanza, sampuli huchorwa ili maeneo ya aina zote yaingie, kwa hiyo kinadharia Runda imo. Lakini duniani kote inajulikana kwamba matajiri hukataa kuhojiwa zaidi kuliko wengine, na wakikubali husema nusu. Pia ni wachache mno kiasi kwamba sampuli inaweza kuwapita bila kuwagusa.

La pili ni zito zaidi. Gini yetu hupimwa kwa matumizi: chakula, kodi ya nyumba, karo, nauli. Hapa ambapo wengi wanategemea jua kali na shamba huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mtu wa kibarua hawezi kukutajia mapato ya mwaka. Lakini mtu anayepata milioni tatu kwa mwezi hali milioni tatu. Anakula sehemu, kinachobaki ananunua ploti Kitengela, hati za dhamana za serikali, hisa. Kinachobaki ndicho kinachokua, na ndicho kisichoonekana kwenye kipimo. Kwa hiyo 38.7 ni pengo la wanaokula zaidi na wanaokula kidogo. Pengo la wanaomiliki na wasiomiliki ni jambo jingine, na sioni sababu ya kuamini kwamba nalo limepungua.

Mzee wa Kaloleni

Vijana, salamu. Nimesoma nikaona niseme machache kwa kuwa mambo haya nimeyapitia.

Msidhani zamani kulikuwa na usawa. Mji huu ulijengwa kwa pengo. Wazungu Muthaiga na Karen, Wahindi Parklands na Ngara, sisi Pumwani, Kaloleni, Ziwani, Makongeni. Mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kama wa mtu asiye na mke wala watoto, kwamba familia itajilisha yenyewe huko mashambani. Mwaka 1954 tume ya Carpenter, ya serikali ya kikoloni, ndiyo iliyosema wazi kwamba mfanyakazi wa mjini alipwe kiasi cha kuweza kukaa na familia yake. Kwa hiyo hiyo kaya ya mshahara mmoja mnayoililia haikudumu muda mrefu. Kuna kizazi kimoja, labda kimoja na nusu, kilichoionja.

Mimi ni wa hicho kizazi. Nilikuwa karani mdogo kwenye shirika moja la umma. Nyumba ilikuwa ya kazi, hospitali ilikuwa ya kazi, na watoto walisoma shule ya baraza la mji. Mke wangu hakuwa na duka wala genge, na hatukulala njaa. Tena nilikuwa nalipia karo ya ndugu zangu wawili.

Lakini hata wakati huo wakubwa walikuwa wanapaa. Mwaka 1971 tume ya Ndegwa iliruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara wakiwa kazini. Mwenye cheo akapata mshahara, akapata shamba, akapata na leseni. Mbunge J.M. Kariuki alionya kuhusu nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, naye aliuawa Machi 1975. Kwa hiyo pengo lilikuwapo na lilisemwa.

Kilichotuvunja sisi wa kati ni miaka ya tisini. Hospitali na shule zilianza kutaka uchangie mwishoni mwa miaka ya themanini. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka mmoja. Halafu mashirika yakaanza kupunguza watu. Nilipewa barua, nikapewa donge la pesa, nikaambiwa nikajiajiri. Wengi tulinunua matatu iliyochoka au tukafungua duka, na pesa ikaisha. Hapo ndipo wake zetu walipoingia sokoni, na wanangu wakaanza vibarua kabla ya kumaliza kidato cha nne. Hiyo mikono minne unayoiona Umoja, mwanangu, ilianza kuongezwa siku hizo.

Dada wa Gikomba

Mzee, heshima yako. Umesema neno. Mamangu aliingia soko la Gikomba miaka hiyohiyo, baba alipoachishwa kazi. Nguo za mitumba zilikuwa zimeruhusiwa kuingia kwa wingi, viwanda vya nguo vilikuwa vinafunga, na wake za waliofungiwa viwanda ndio waliotandaza mali chini. Nimerithi meza yake.

Naomba niongeze kitu ambacho naona hamjakigusa. Mwanzisha uzi unasema kaya, kaya. Kwa KNBS kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Sawa. Mimi nakaa na wanangu wawili Kariobangi. Lakini pesa yangu inapika vyungu vitatu. Kuna cha hapa, kuna cha mamangu ushago, na kuna cha dadangu aliyefiwa na mumewe. Kila Jumamosi nikifunga meza natuma. Wiki mbaya sana ndiyo nakosa kutuma, na wiki hiyo silali vizuri.

Sasa akija mtafiti kwa mamangu, atamkuta anakula vizuri, ana sukari, ana dawa za presha. Ataandika kwamba kijijini hali si mbaya. Akija kwangu atakuta nimekula ugali na sukuma. Ataandika kwamba huyu wa Nairobi na yule wa kijijini wanakaribiana. Tunakaribiana kwa sababu nimejipunguza mimi!

Mkaazi wa Umoja

Dadangu, hili ulilosema linanifanya niisome Gini yote upya.

Tazama tofauti ya mahali. 2015/16 umaskini Nairobi ulikuwa asilimia 16.7, Turkana 79.4. Mji huu una kama asilimia 9 ya watu wa nchi na unazalisha zaidi ya robo ya pato la taifa. Kwa mgawanyo kama huo pengo la nchi lingekuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Kinachoziba sehemu yake ni pesa zinazotoka mifukoni mwa watu kama wewe kwenda mashambani. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya kwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 walichapisha kwamba kufika kwa M-Pesa kuliziondoa kaya kama 194,000 katika umaskini uliokithiri, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya, na waliofaidika zaidi walikuwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Ongeza pesa za walio ng'ambo, ambazo mwaka 2024 zilifika karibu dola bilioni 4.9.

Ugawaji huo unafanywa na jamaa kwa jamaa. Serikali ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, na ni jambo jema. Lakini ugawaji mkubwa zaidi nchini hupitia simu ya mtu aliyefunga meza yake Gikomba Jumamosi jioni.

Mwalimu wa Hesabu

Naingia kwa tahadhari kidogo. Hoja ya mikono minne naielewa, lakini msisahau kwamba kaya zenyewe zimebadilika ukubwa. Sensa ya 2019 inasema kaya ya wastani Kenya ina watu 3.9, na ya Nairobi ina watu 2.9 tu. Watu milioni 4.4 wa mji huu wamegawanyika katika kaya kama milioni moja na nusu. Kijana aliyehamia bedsita peke yake ni kaya. Zamani angekuwa mtoto wa tano kwenye nyumba ya mzee wa Kaloleni.

Hii inabadilisha hesabu. Kaya moja ya watu sita ikivunjika kuwa kaya tatu, mapato ya kila kaya yatashuka hata kama hakuna mtu aliyepoteza shilingi. Ndiyo maana watafiti hugawa matumizi kwa idadi ya watu, mtoto akihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima. Mstari wa umaskini wa 2015/16 ulikuwa hivyo: shilingi 5,995 kwa mwezi kwa kila mtu mzima mjini, 3,252 mashambani. Kwa hiyo mtu wa Nairobi aliyetumia 6,500 kwa mwezi, pamoja na kodi ya nyumba, hakuwa maskini kwenye kitabu.

Na kuna jambo la pili. Mchumi Simon Kuznets mwaka 1955 alisema nchi ikianza kukua pengo hupanuka, kisha baadaye hupungua yenyewe. Watu wengi waliipokea kama sheria. Yeye mwenyewe alisema kazi yake ni labda asilimia 5 ushahidi na asilimia 95 kukisia. Sioni sababu ya sisi kukaa tukisubiri pengo lipungue lenyewe kwa kuwa nchi inakua.

Mkaazi wa Umoja

Mwalimu, nakubali kuhusu ukubwa wa kaya. Lakini hiyo 5,995 ndiyo ushahidi wangu. Mtu wa 6,500 na mtu wa 14,000 wote wako juu ya mstari, na yule wa 14,000 akishuka hadi 9,000 hakuna ripoti ya umaskini itakayomtaja. Amepoteza zaidi ya theluthi ya maisha yake na bado hajawa maskini. Kushuka kwa namna hiyo hutaona mahali pengine popote ila ndani ya Gini, na humo kunasomeka kama habari njema.

Mpwa wenu, Dallas

Salamu kutoka Texas. Niwape ya huku kwa kuwa huku wana mfululizo mrefu.

Ofisi ya sensa ya Marekani hugawa kaya mafungu matano. Mwaka 1967 fungu la juu lilichukua asilimia 43.6 ya mapato yote ya kaya, la chini kabisa asilimia 4. Mwaka 2019 la juu lilichukua karibu asilimia 52, la chini 3.1. Lakini angalieni fungu la katikati: lilikuwa na asilimia 17.3, likabaki na kama 14. Walio katikati walipoteza pointi zaidi ya tatu, wa chini kabisa karibu moja. Yaani hata huku, ambako pengo limepanuka, aliyepoteza pointi nyingi zaidi ni wa kati.

Hata hivyo msizichukue nambari zao kama msahafu. Mwaka 1993 Gini yao, ambayo huiandika kutoka sifuri hadi moja badala ya mia, iliruka kutoka 0.433 hadi 0.454 kwa mwaka mmoja, na sehemu ya sababu ni kwamba dodoso lilibadilishwa: awali mshahara mkubwa ulikuwa unakatwa kwenye kikomo cha dola 299,999, mwaka huo kikomo kikapandishwa hadi 999,999. Matajiri walikuwapo siku zote, fomu ndiyo haikuwa na nafasi ya kuwaandika. Na mapato wanayohesabu ni kabla ya kodi, bila msaada wa chakula wa serikali. Ukiweka hivyo vyote pengo hupungua kidogo.

Kijana wa Pipeline aliuliza kuhusu Muthaiga. Jibu la Marekani ni hilo: dari ya fomu ilipoinuliwa, pengo likaonekana kubwa zaidi.

Mwajiriwa wa Upper Hill

Nimekuwa nikisoma kimya. Niseme kama mmoja wa hao "wa kati". Napata shilingi 60,000 kabla ya makato na sijaongezwa tangu 2022. Hesabu hii nimeifanya mwenyewe kwa sheria zilizokuwapo.

2022: NSSF (akiba ya uzeeni) 200, NHIF (bima ya afya) 1,300, PAYE (kodi ya mshahara) kama 10,130. Nabaki na karibu 48,400.

2025: NSSF 3,600, SHIF (iliyochukua nafasi ya NHIF) 1,650, tozo ya nyumba za bei nafuu 900, PAYE kama 8,540. Nabaki na karibu 45,300.

Niseme haki, zile 3,600 za NSSF ni akiba yangu ya uzeeni, na mwajiri naye anaweka nyingine. Lakini karo hailipwi kwa akiba ya uzeeni. Na bei hazikusimama. Kwa wastani zilipanda asilimia 7.7 mwaka 2023 na 4.5 mwaka 2024. Petroli Nairobi ilifika 217.36 Oktoba 2023, na nauli ilipopanda haikurudi ilipokuwa. Ukipunguza bei, hizo 45,300 zina nguvu ya kama 40,000 za mwaka 2022. Nimeshuka 8,000 bila kufukuzwa kazi, bila kuugua, bila kufanya kosa lolote.

Nilikuwa natuma nyumbani 8,000 kwa mwezi. Sasa natuma nikiweza. Dada wa Gikomba, nimesoma maneno yako mara mbili.

Kijana wa Pipeline

Pole sana dada. Lakini niulize kwa heshima: SHIF si ilifanya matajiri walipe zaidi? NHIF bosi wa nusu milioni alikuwa analipa 1,700, sawa na mtu wa laki moja. Sasa analipa 13,750. Hiyo si ndiyo kusawazisha mapato tunayotaka?

Mwajiriwa wa Upper Hill

Ni kweli, na kwa hilo naiunga mkono. Anayepata zaidi achangie zaidi. Ninachouliza ni kwa nini wanaochangishwa ili kusawazisha ni wenye karatasi ya mshahara peke yao. Zaidi ya asilimia 80 ya walioajiriwa nje ya mashamba madogo wako kwenye jua kali. Sisi wa mishahara rasmi tuko kama milioni tatu nchi nzima. Kila serikali ikihitaji pesa inarudi kwetu kwa sababu sisi ndio tunaoonekana. Mwenye magorofa haonekani.

Mkaazi wa Umoja

Hapo umefika kwenye kiini cha Nairobi. Karibu kaya tisa kati ya kumi za mji huu hazimiliki nyumba zinamoishi. Kila mwanzo wa mwezi pesa zinahama kutoka kaya zaidi ya milioni moja kwenda kwa wenye nyumba, ambao ni wachache zaidi. Hakuna mgawanyo mkubwa wa mapato kuliko huo katika mji huu, na unafanyika kila mwezi.

Sasa linganisha kodi. Tangu Januari 2024 anayepata kodi za wapangaji kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya jumla aliyokusanya. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10, ikapunguzwa. Najua 7.5 hiyo hutozwa kabla ya kuondoa gharama zake, na wapo wenye ploti wanaolipa mikopo mizito. Hata hivyo mpangaji wake mwenye mshahara, akipita shilingi 32,333, kila shilingi inayofuata hukatwa senti 30. Hukumu yangu ni kwamba hiyo si haki, na haina uhusiano na uvivu wa mtu wala bidii yake. Ni sheria iliyoandikwa hivyo, inaweza kuandikwa vingine.

Ndiyo maana sikushangaa Juni 2024 vijana walipoingia barabarani juu ya Mswada wa Fedha. Wengi walikuwa na hesabu kama hii ya dada wa Upper Hill, vifungu vya mswada mkononi. Walikuwa watoto wa kaya za mikono minne, na wamesoma.

Mzee wa Kaloleni

Mwanangu wa Umoja, basi turudi kwenye swali lako. Unataka nini kifanyike ili tujue? Maana mimi nimesikia ripoti tangu ile ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ya mwaka 1972, iliyosema watu wanaofanya kazi lakini kipato ni duni ndio shida ya nchi, wala si wasio na kazi tu. Iliona wauza mboga na mafundi wa kando ya barabara kabla serikali haijawaona. Ilikuwa ripoti nzuri sana. Mabati ya wauza mboga yakaendelea kubomolewa.

Mkaazi wa Umoja

Mzee, nashukuru. Nitajibu ninavyoona.

KRA, mamlaka ya ushuru, ina rekodi za PAYE na za kodi wanayolipa wenye nyumba. KNBS ina tafiti za kaya. Ziunganishwe bila majina ya watu, kisha tuambiwe kila mwaka asilimia kumi ya juu na asilimia moja ya juu wanachukua kiasi gani cha mapato, kinyume na matumizi. Nchi nyingine zimefanya hivyo, na pengo lililoonekana lilikuwa kubwa kuliko la tafiti peke yake.

Na KNBS ikitoa Gini, iitoe pamoja na idadi ya watu wanaofanya kazi katika kila kaya na saa wanazofanya. Maswali ya kazi tayari yanaulizwa kwenye dodoso zao. Hapo ndipo tutaona kama kaya ya Umoja imesimama au imeongeza tu mikono.

Kuhusu pesa, nianze na kodi wanayolipa wenye nyumba na mshahara wa chini. Kibarua wa kawaida Nairobi alipandishiwa kutoka 15,201.65 hadi 16,113.75 Novemba 2024. Ni asilimia 6, baada ya zaidi ya miaka miwili ambayo bei zilipanda kuliko hapo. Ameongezewa na bado ameshuka. Na huyo ni yule anayelipwa kisheria.

Dada wa Gikomba

Nakubali yote isipokuwa moja. Hiyo hesabu ya KRA na KNBS itaniacha nje. Sina karatasi ya mshahara, sina ploti. Kuna siku napeleka nyumbani elfu tatu na kuna siku narudi na hasara ya marobota. Mkiunganisha rekodi zenu mimi nitakuwa wapi?

Mkaazi wa Umoja

Utakuwa upande wa tafiti, dadangu, kwenye dodoso. Na hapo nataka liongezwe jambo moja: pesa unayotuma iandikwe kwa jina la kaya iliyoitoa, isionekane tu kama chakula mezani kwa aliyepokea. Ikiandikwa hivyo kwa kaya zote, tutajua ni sehemu gani ya kushuka kwa Gini tangu 2005 imetoka kwa sera za nchi, na ni sehemu gani imetoka kwenye meza za Gikomba na mishahara ya Upper Hill.

Dada wa Gikomba

Basi waje Jumamosi jioni. Nikiwa natuma, niwaonyeshe kwenye simu.